Bao Lisilochorwa ni Fumbo

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Je, atatazama nini iwapo hakuna kilichowekwa mbele yake? Sataranji na michezo iliyozaliwa nayo imechorewa picha tele katika mtandao. Bao letu, kwa upande wake, tunalieleza zaidi kwa maneno matupu. Kwa maoni yangu, hili ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la mchezo.

Hapa Kitui na Makueni, mchezo uliozoeleka ni dama, au drafti kama wengi waitavyo. Wachezaji huchora miraba 64 juu ya kipande cha mbao, wakatumia vifuniko vya chupa za soda, 12 kila upande. Vya huyu vimetazama juu, vya yule vimefunikwa. Ubao huo haumsumbui mtu. Bao sivyo. Lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Katika bao la Kiswahili, mchezo huanza kwa hatua ya namua: kila mchezaji ana kete 22 mkononi na 10 ubaoni, yaani sita katika nyumba, na mbilimbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Mwanafunzi wa Mwingi au Wote, ambaye hajawahi kuketi barazani Lamu wala Unguja, ataelewaje sentensi hiyo? Mwonyeshe mchoro, naye atatambua papo hapo kuwa nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele, na kichwa ni shimo la pembeni la safu iyo hiyo.

Pana watakaosema kuwa bao hufunzwa kwa kucheza, si kwa picha. Naam, lakini hiyo ni hoja ya mwenye baraza. Kwa asiye nalo, mchoro ndio baraza.

Isitoshe, kazi yenyewe si nzito. Wachezaji wa sataranji huandika hali ya ubao kwa herufi na tarakimu, kisha tarakilishi ikauchora. Bao halihitaji hata herufi. Safu ya mbele mwanzoni mwa namua ni 0 0 0 0 6 2 2 0. Safu ya nyuma ni sifuri nane. Ongeza idadi ya kete zilizo mkononi, na programu ndogo itachora picha nyepesi inayofunguka hata katika simu duni.

Ndugu msomaji, wataalamu wa kigeni walioandika kuhusu bao kwa Kiingereza wameyahifadhi maneno nyumba, kichwa, namua na mtaji. Wametuheshimu. Hata hivyo, tusipochora na kuandika wenyewe, mwanafunzi wetu atayakuta maneno ya lugha yake katika sentensi za wengine, yameandikwa kwa herufi za mlazo kama wageni wasiojulikana.

Basi wahadhiri na watoe zoezi hili katika somo la istilahi: kila kundi lichore ubao mmoja, liandike jina la kila sehemu kwa Kiswahili, na liuweke hadharani. Istilahi tunazo tayari. Kilichobaki ni kuzionyesha mahali pake.