Siku ya kuzaliwa isiwatoe watoto shuleni Kakuma



Kila Januari shule zinapofunguliwa hapa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, wapo wanafunzi wanaoanza muhula wakiwa wamepoteza msaada waliokuwa nao Desemba. Ni vijana waliovuka mpaka bila wazazi, wakitoka Sudan Kusini, Kongo, Somalia au Burundi. Walipoandikishwa hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala mtu mzima wa kueleza walizaliwa lini. Mwaka ukakadiriwa, na tarehe ikaandikwa 1 Januari. Ndiyo maana wengi wao hutimiza miaka 18 siku moja, wiki ileile karo na sare zinapodaiwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nami nimechoka kuwaona wakiondoka. Mtoto akishahesabiwa kuwa mtu mzima, faili lake katika huduma za ulinzi wa watoto hufungwa. Afisa aliyekuwa akimtembelea haji tena. Familia iliyompokea, ambayo nayo ni ya wakimbizi, huachiwa mzigo peke yake. Mgao wa chakula ulipokatwa vibaya mwaka 2025, niliona jinsi mzigo huo ulivyowaelemea. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hodari wa hesabu, aliambiwa na walezi wake kwamba hawana uwezo tena wa kumlisha. Sasa anauza chai sokoni. Siwalaumu walezi wale, kwani wana watoto wao na sufuria ni moja.

Wanaopanga huduma hizi wanasahau kwamba watoto hawa huanza masomo wakiwa wamechelewa. Kijana aliyefika hapa na miaka 12, hajawahi kukaa darasani wala hajui Kiingereza, huwekwa na watoto wadogo, katika darasa ambalo mara nyingi lina wanafunzi zaidi ya mia. Miaka 18 humkuta bado yuko shule ya msingi au ndiyo kwanza anaingia sekondari. Mwenzake mwenye wazazi naye huchelewa, lakini kwao hakuna anayemwambia muda wake wa kulelewa umekwisha. Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Asiye na pa kulala hupata mchumba haraka, na huyo mchumba hamrudishi darasani.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikusema mtoto wa Kenya pekee. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataka mtoto mkimbizi asiye na wazazi alindwe sawa na mtoto mwingine yeyote aliyekosa familia. Najua atajibu mtu kwamba mwenye miaka 18 si mtoto. Nami namuuliza: aliyekatizwa masomo na vita kwa miaka sita, miaka hiyo ailipe nani?

Swali hilo si geni hapa. Kambi hii ilianzishwa mwaka 1992, na miongoni mwa waliofika mwanzo walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia bila wazazi. Baadhi yao walipopelekwa Marekani mwaka 2000 na 2001, walio chini ya miaka 18 waliwekwa katika familia za malezi, na mpango ule uliruhusu kijana aendelee kutunzwa baada ya umri huo ili amalize shule. Waliohesabiwa kuwa watu wazima walipewa msaada wa miezi michache, wakaambiwa watafute kazi. Kwamba kijana asiye na wazazi huhitaji kutunzwa hadi amalize shule ni jambo linalojulikana, basi, tangu zamani.

Serikali ilizindua mpango wake kuhusu wakimbizi, uitwao Mpango wa Shirika, mwezi Machi 2025, nao unaahidi kuziingiza shule za wakimbizi katika mfumo wa taifa. Naiomba Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na maafisa wa watoto wa Turkana waandike humo kwamba faili la mwanafunzi asiye na wazazi litafungwa baada ya mtihani wake wa mwisho wa sekondari, na kwamba familia inayomlea itasaidiwa hadi siku hiyo. Na waliotolewa shuleni Januari iliyopita watafutwe warudishwe kabla muhula ujao haujaanza.

Mwalimu wa sekondari,
Kakuma, Turkana