Dagaa wa Mwaloni, kichupa cha lavenda na ndoa changa

Leo nina ujumbe wa dada mmoja wa Nyegezi, Mwanza, ambao nimeona nisiujibu pembeni, maana nina hakika yaliyomkuta yeye yamewakuta wengi.

Ndoa yake ina mwaka na ushee. Yeye anafanya kazi ofisini mjini, mume ana biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Anasema mume ni mchapakazi, nyumba anaitunza, makuu hana. Tatizo ni harufu. Anaoga, anabadili nguo, lakini akipanda kitandani dagaa nao wanapanda. Dada akashindwa kusema. Akaanza kununua vichupa: lavenda, mchaichai, karafuu, na kile kidude cha umeme cha kutoa mvuke. Sasa chumba kinanukia lavenda na dagaa kwa mpigo, kichwa kinamuuma kila asubuhi, na mume ameanza kuuliza kulikoni. Muuzaji naye kamshauri aongeze matone, tena kamhakikishia kwamba mafuta hayo yanaondoa mpaka presha. Swali lake: aongeze?

Hapana dada yangu, usiongeze.

Tuanze na hao dagaa. Sehemu ya harufu ya samaki inatokana na kemikali za jamii ya amini, ambazo huongezeka kadiri samaki anavyokaa baada ya kuvuliwa. Harufu nzuri haiziui, inakaa juu yake tu, ndiyo maana umepata mchanganyiko usio na jina. Kinachozituliza ni uchachu. Bibi zetu waliosugua samaki kwa ndimu hawakusoma kemia, ila walijua. Basi mume akitoka kazini asugue mikono kwa ndimu au siki kidogo, kisha sabuni, kisha asuuze vizuri. Hilo la kusuuza nalisisitiza, kwa sababu maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi halafu ukakaa juani, yanaweza kukuachia malengelenge na mabaka meusi. Dagaa pia wana mafuta yanayong'ang'ania kwenye nguo, kwa hiyo nguo za kazi ziwe na ndoo yake, zilowekwe kwa maji ya moto na sabuni, na zisitundikwe nyuma ya mlango wa chumbani. Shati moja la Mwaloni nyuma ya mlango linatosha kushinda vichupa vyote vitatu.

Lakini yote hayo yanahitaji umwambie, na hapo ndipo penye kazi. Ujue kwamba yeye hasikii. Pua ikikaa na harufu moja kwa muda inaizoea na kuacha kuitangaza. Hajakudharau, wala si mchafu. Kwa sababu hiyo hiyo na wewe unaongeza matone ya lavenda kila baada ya siku mbili: pua imezoea, unadhani imeisha, kumbe chumba kimejaa. Kichwa chako ndicho kinachokupa taarifa.

Usimwambie kitandani, usimwambie mbele ya shemeji zako, na usimwambie siku ambayo mzigo umemlalia. Chagua Jumapili mchana mmeshakula. Mwambie, mume wangu, nguo za kazini tuzipangie sehemu yake, na mimi nitakuwekea ndimu bafuni. Sema nguo, usiseme wewe. Mwanamume anayeamka usiku kwenda kupokea mzigo anaweza kuvumilia kuambiwa shati linanuka. Kuhisi kwamba mkewe wa ofisini anaionea aibu kazi yake, hilo halivumiliki. Na tukubaliane, shosti, hivyo vichupa huenda vimenunuliwa na hela ya dagaa hao hao.

Baada ya hapo ndiyo turudi kwenye mafuta, kwa sababu mimi si adui yake hata kidogo. Jina aromatherapi tumepewa na mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, aliyeungua mkono maabara mwaka 1910 na kuja kutoa kitabu chake mwaka 1937. Jambo lenyewe sisi tunalo siku nyingi: udi kwenye chetezo, asumini kwenye mto, mchaichai kwenye birika. Na si lazima kitoke Ulaya. Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachotoa mafuta kwenye makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kwa hiyo ukiona kichupa kina bei ya kukutisha, kwanza uliza kimetoka wapi.

Kwa nini harufu inatuliza? Njia ya pua kwenda kwenye ubongo ni fupi, inafika upesi sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Lavenda imefanyiwa utafiti mwingi kuhusu usingizi na wasiwasi, na majibu yanaonyesha kwamba huwasaidia baadhi ya watu, kwa kiasi. Kwa kiasi, narudia. Presha haitibiki kwa harufu. Ukiacha vidonge vya daktari kwa sababu ya maneno ya muuzaji, utakuja kuvijutia hivyo vichupa.

Matumizi yenyewe ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kidude cha mvuke, matone matatu manne, nusu saa kabla ya kulala, dirisha wazi kidogo upepo wa ziwa upite, kisha zima. Kwa kukandana mgongo (na hapa wana ndoa wapya nawaona mnatabasamu), chukua kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi au alizeti, weka matone matatu ya lavenda. Ikiwa ni karafuu, tone moja tu, kwa sababu ni kali na inaunguza ngozi. Jaribu kwanza nyuma ya mkono, subiri hadi kesho yake. Wale wa kuoga kwa ndoo, msidondoshee mafuta kwenye maji: hayachanganyiki, yanaelea juu na kukupata mwilini yakiwa makali vilevile. Na usinywe hata tone. Chai ya majani ya mchaichai ni chai. Mafuta ya mchaichai ni kitu kingine kabisa.

Mkaratusi nao una heshima yake huku kwetu, hasa tangu mwaka 2020 watu walipojifukiza kila nyumba. Mvuke unaweza kukupa nafuu pua ikiziba, lakini hauui ugonjwa, na sufuria ya maji ya moto imewaunguza wengi. Chupa ya mafuta ya mkaratusi iwekwe juu kabisa, mbali na watoto. Mtoto akinywa hata kidogo anaweza kupata degedege, na hapo ni hospitali mara moja, usimtapishe. Usimpake mtoto mchanga puani wala kifuani. Mwenye mimba aulize kliniki kwanza. Nyumba yenye mtu wa pumu, achaneni na moshi wa udi chumbani, na hata mvuke wa mafuta muuonje kwa tahadhari.

Na mbu? Mchaichai unawasumbua kwa muda mfupi tu, halafu wanarudi. Kanda ya Ziwa malaria bado ipo, kwa hiyo lavenda ikae juu ya meza na chandarua kishuke palepale.

Dada yangu wa Nyegezi, kwa wiki hii zima kidude kabisa, kichwa kipumzike na pua yako ianze upya. Jumapili ongea na mwenzio. Ikishapita wiki bila shati nyuma ya mlango, mpe yeye vichupa vyote vitatu anuse, achague kimoja. Akisema hakuna anachokipenda, mletee mchaichai wa shambani, funga majani machache kwenye kitambaa, weka karibu na mto. Halafu niandikie uniambie alichagua nini.