Fundi wa Kiwengwa na lango la kiwanda cha magari

Soko la magari Unguja halina upungufu wa mali. Toyota na Isuzu zilizokwisha kutumika Japani hushushwa bandari ya Malindi, na nyingine huishia barabara ya Kiwengwa, ama kama daladala namba 117, ama kama vani za kubebea wageni wa hoteli zilizoanza kuota pwani hiyo miaka ya 1990. Gari chakavu lataka fundi, na fundi yupo, chini ya mwembe, na spana zake na vijana wawili watatu wanaojifunza.

Kisichoshuka bandarini ni ajira ya kuliunda gari lenyewe. Kijana wa Kiwengwa anayetaka usaili katika kiwanda kikubwa hana budi kuvuka bahari. Nairobi kuna kiwanda kilichoanza kuunganisha malori mwaka 1977 chini ya General Motors, na ambacho tangu 2017 ni cha Isuzu, iliponunua hisa asilimia 57.7 za Wamarekani hao. Mombasa na Thika pia wanaunganisha. Bara, Kibaha iliwahi kuunganisha malori ya Scania. Ushindani wa gari kuukuu, ambazo bei yake wengi wanaimudu, ndio uliowanyima wenye viwanda wa kanda hii soko la kutosha. Kwa hiyo mlango ni mwembamba, na anayebisha hodi ajiandae.

Kikwazo cha kwanza ni karatasi. Fundi anayesikia mlio tu akajua nozeli ipi imekufa, lakini hana cheti, barua yake haifiki mbali kwa meneja utumishi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imelegeza njia ya ajira baina ya nchi wanachama, lakini haikumwondolea mwombaji haja ya kuthibitisha ujuzi wake.

Kikwazo cha pili hakizungumzwi sana, nacho ni kizito zaidi. Mwaka 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California, ambacho wafanyakazi wake walisifika kwa utoro na migomo. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale. Magari yakatoka safi. Kilichobadilika ni namna ya kazi: kila mtu alifundishwa kuvuta kamba akiona kasoro, msaada ufike mara moja, na ikibidi mstari mzima usimame.

Hapo ndipo fundi wa mwembeni anapoweza kuanguka. Akiulizwa atafanya nini akikuta nati imekaa vibaya, atajibu kwamba ataitengeneza mwenyewe. Kiwengwa hilo ndilo jibu la fundi hodari, maana gari zima ni lake tangu asubuhi. Kiwandani kasoro iliyofichwa kwa ustadi wa mtu mmoja hurudi kwenye magari mia yanayofuata. Anatakiwa aseme atasimamisha kazi na kuita wenzake. Si suala la akili, hakuna aliyemwambia.

Bara, VETA huwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti. Mkoa wa Kaskazini Unguja una kituo cha Mafunzo ya Amali Mkokotoni, na hapo ndipo upimaji wa namna hiyo ungefaa kuwekewa nguvu, pamoja na somo fupi la utaratibu wa kiwandani. Wenye hoteli na kampuni za utalii, ambao vani zao zinatembea kwa mikono ya vijana hawa, wangeweza angalau kuwaandikia barua ya kueleza kazi walizofanya na kwa miaka mingapi. Gharama yake ni karatasi moja.

Wapo watakaosema hoteli zinatosha kuajiri. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, hoteli zilikosa wageni na vani zikakosa safari.

Jambo la kuangaliwa ni muda. Fundi akifunga gereji siku mbili kwenda Mkokotoni, daladala zitahamia kwa fundi mwingine, na huenda zisirudi. Mpimaji afuate mwembeni.