Mashine ya kukaushia nguo ikigoma, usikubali fundi 'aipige dairekti'

Mvua zikianza, kwenye mashine ya kufulia yenye sehemu mbili, upande wa kukaushia ndio hutegemewa zaidi. Sare za shule zinatakiwa asubuhi, nepi za mtoto haziishi na kamba ya nje imelowa. Upande huo ukigoma wakati kama huu, mzazi humwita fundi yeyote aliye karibu, na ombi lake ni moja tu: izunguke.

Fundi mwenye haraka ana njia ya mkato. Anafungua mashine, anachomoa nyaya mbili za swichi ya mfuniko na kuziunganisha pamoja. Pipa linazunguka, analipwa, anaondoka. Wenyewe huita kupiga dairekti. Mzazi hajui kwamba kuanzia hapo pipa litaendelea kuzunguka hata mfuniko ukiwa wazi.

Mzazi, hilo ndilo jambo la kuogopa kuliko nguo mbichi.

Pipa la kukaushia huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo nguo zilizomo zinaonekana kama zimetulia, na kwa mtoto wa miaka minne au mitano huo ni mchezo wa kugusa. Akishika mkono wa shati au kamba ya suruali, nguo inajisokota kwenye vidole na kuuvuta mkono ndani kabla hajapata nafasi ya kulia. Madhara yake ni kuvunjika mfupa, kuchanika misuli, hata kukatika vidole.

Mtengenezaji ameweka kinga mbili. Mfuniko ukifunguliwa, swichi inakata umeme wa mota. Wakati huohuo breki inalibana pipa, kwa sababu hata umeme ukikatika pipa huendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki. Kinga zote mbili zinatakiwa ziwe nzima.

Chunguza kabla ya kumwita fundi

Matatizo mengine hayahitaji fundi kabisa.

Anza na umeme. Kama upande wa kufulia unafanya kazi, soketi na plagi ni nzima. Mashine nyingi za aina hii zina mota mbili, kila upande na yake, hivyo hitilafu iko upande wa kukaushia peke yake.

Tazama mfuniko. Ukikaa upande, au ile sehemu yake inayobonyeza swichi ikivunjika, pipa halitazunguka hata mota ikiwa nzima. Ufunge vizuri ujaribu tena.

Ikiwa mashine inatikisika na kugonga, zima, subiri pipa lisimame, kisha panga nguo upya. Nzito kama jinzi na taulo ziende chini, nyepesi juu. Zisambaze pande zote, zikandamize, halafu weka kile kifuniko kidogo cha ndani. Watu wengi hukitupa kabatini, lakini kazi yake ni kuzuia nguo zisipande na kutoka nje ya pipa.

Ikiwa pipa linazunguka polepole na nguo zinatoka zikichuruzika, tazama bomba la kutolea maji. Kwenye mashine zisizo na pampu, bomba lazima lilale chini. Likiinuliwa au likiziba kwa nyuzi na uchafu, maji yanabaki na pipa linazunguka ndani ya maji.

Soksi ya mtoto nayo huweza kupenya kati ya pipa na ukuta wa nje ikalizuia lisizunguke. Chomoa plagi kwanza, ndipo uitafute kwa tochi.

Ukiwa umechomoa plagi, jaribu pia kulizungusha pipa kwa mkono mfuniko ukiwa wazi. Linatakiwa liwe gumu, maana breki inalishika. Ugumu huo usikutishe. Likizunguka kwa urahisi, breki imelegea au imeisha, na hiyo ni kazi ya fundi.

Mwachie fundi haya

Mota ikivuma bila pipa kuzunguka, mara nyingi kapasita imechoka au breki imeng'ang'ania. Usifungue mwenyewe. Kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Maji yakivuja chini ya upande wa kukaushia, huenda mpira unaozuia maji kwenye mhimili wa pipa umeisha. Maji hayo huweza kuifikia mota. Na ukigusa mashine ukahisi umeme unakuchonyota hata kidogo, zima kwenye soketi na usiitumie tena mpaka fundi aangalie waya wa ethi na mahali umeme unapovuja.

Swichi ya mfuniko ikiwa ndiyo imekufa, dawa yake ni swichi nyingine. Mwambie fundi mapema, kabla hajafungua, kwamba unataka spea iwekwe na kwamba ile ya zamani utabaki nayo. Kama spea haipatikani siku hiyo, upande wa kukaushia upumzike. Nguo zikamuliwe kwa mkono.

Kabla hujamlipa

Mwombe fundi aiwashe mbele yako, pipa likiwa tupu na watoto wakiwa mbali. Pipa likishika kasi, inua mfuniko. Mota inatakiwa izime palepale, na pipa lisimame ndani ya sekunde chache. Ukihesabu mpaka 15 na bado linazunguka, kazi haijaisha. Likiendelea kuzunguka kwa nguvu kana kwamba hukufungua chochote, limepigwa dairekti. Mrudishe kazini.

Kipimo hikihiki kifanyie mashine uliyonunua mtumba, au iliyowahi kutengenezwa ukiwa haupo. Na dada wa kazi aelezwe, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayeitumia mtoto akiwa pembeni: hakuna kuingiza mkono mpaka pipa lisimame kabisa, na plagi ichomolewe kila baada ya kazi.

Mkono ukinaswa

Zima kwenye soketi kwanza. Usiuvute mkono kwa nguvu. Legeza nguo iliyousokota, au ikate kwa mkasi. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na uinue mkono juu. Usipake dawa ya meno, majivu wala kahawa.

Kidole kikikatika, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, kisha mfuko huo uweke juu ya maji yenye barafu. Kisigusane na barafu yenyewe. Nenda nacho hospitali pamoja na mtoto, haraka. Hata kama ngozi haijachanika, mkono uliosokotwa upelekwe ukapimwe, kwa kuwa mfupa na mishipa huumia bila kuonekana kwa nje.

Kama nyumbani una mashine ya aina hii, fanya kipimo cha mfuniko kabla ya kuikaushia nguo tena. Hakimalizi dakika moja.