Riwaya ya Upelelezi Isifukuzwe Darasani

Wako wataalamu wanaodai kwamba riwaya ya upelelezi ni takataka isiyostahili kuingia darasani. Sisi wasomaji wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, twalipinga dai hilo. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilitoka mwaka 1974, wakati Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipokuwa na makao yake Dar es Salaam; na mpelelezi wake, Willy Gamba, hupambana na maadui wa wapigania uhuru. Je, huo ni upuuzi?

Hatusemi kwamba riwaya hiyo haina ila. Gamba hushinda karibu peke yake, na wanawake humzunguka kama pambo. Ilhali ukombozi ulikuwa kazi ya umma, wake kwa waume. Lakini kijana aliyekatazwa kukisoma kitabu atalitambuaje kosa hilo? Hata Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, leo yaheshimiwa.

Basi mwalimu asiwe bawabu. Awafundishe vijana kupepeta. Hapa kwetu mtama hautupwi kwa sababu ya makapi yake.