Ufizi Utokao Damu

Wako watu wengi katika Malindi na Kilifi ambao, wapigapo mswaki asubuhi na kuona mate yana wekundu, hutema na kusahau. Mla tambuu hata haoni, kwani mate yake ni mekundu siku zote. Lakini damu hiyo ni dalili ya mapema ya maradhi ya ufizi. Ukoga ukiachwa baina ya jino na ufizi hugandamana ukawa mgumu kama chokaa. Vijidudu huzaana chini yake, kinywa hunuka, na mwisho jino hulegea.

Miongoni mwa vijidudu hivyo kimo kiitwacho fusobakteria. Mwaka wa 2012 wataalamu wa Marekani na Kanada walieleza kuwa wamekikuta kwa wingi ndani ya saratani ya utumbo mpana, mahali ambapo si makao yake. Tena mwaka wa 2024 wataalamu wa Seattle walichunguza uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wapatao 200, wakaona aina moja ya kijidudu hicho kwa karibu nusu yao. Nayo ni aina iwezayo kustahimili ukali wa tindikali ya tumboni.

Hata hivyo haijathibitika kwamba ufizi mbovu ndio uletao saratani. Akutwaye penye nyumba iwakayo si lazima awe ndiye aliyeitia moto. Yumkini alivutwa na mwanga. Umri, ukoo, tumbako, pombe, unene na chakula vina sehemu yao. Dakta Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Uganda, aliandika mwaka wa 1971 kwamba maradhi haya yalikuwa haba kwa Waafrika kwa sababu ya vyakula vyao visivyokobolewa. Siku hizi mkate mweupe umefika hata Ganze.

Kusafisha meno asubuhi na kabla ya kulala, iwe kwa mswaki wa dukani au kijiti cha mti wa mswaki, ni kazi ya dakika chache. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hauna budi kukwanguliwa na mganga wa meno. Iliyo kubwa zaidi ni damu ionekanayo chooni. Wako waiitao bawasiri, wakanywa dawa za mizizi miezi na miezi, wakaona haya kumweleza hata mke. Huenda ni bawasiri kweli. Lakini ni daktari, baada ya kupima, awezaye kupambanua, na saratani ya utumbo ikigunduliwa mapema mara nyingi hukatwa, mgonjwa akapona.