Mkanda uliokwisha kuokoa mtu usiuzwe tena

Mchimbaji wa Rubaya ao wa Bisie akipata makuta kidogo, anafikiria shamba, nyumba ya mabati, ao gari ya kufanyisha taksi kati ya Goma na Sake. Gari hiyo karibu siku zote ni iliyokwisha kutumika kwingine. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, ulihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 gari ndogo milioni 14 za namna hiyo zilitoka Ulaya, Japani na Marekani, na karibu asilimia 40 zilikuja Afrika. Tusishangae kama kati yazo kuna zilizogonga.

Kugonga si dhambi. Gari inanyooshwa, inapakwa rangi, inatembea. Ninalolaumu ni hili: muuzaji ananyoosha mabati, lakini anaacha mikanda ileile iliyoshika watu siku ya ajali, na mahali pa mfuko wa hewa anafunika kifuniko kitupu.

Wachimbaji mtaelewa hii mbele ya wengine. Kamba iliyokamata mtu akianguka mu shimo, nani kati yenu ataifunga kiunoni kesho yake? Mkanda wa gari ni vilevile. Nyuzi zake zimekwisha kuvutika. Mu gari nyingi za sasa kuna hata baruti kidogo inayokaza mkanda wakati wa kugonga, na inalipuka mara moja tu. Mfuko wa hewa nao ukifunguka, kazi yake imekwisha. Inaomba kuweka mpya.

Watu wanasema: « Sisi tunapanda wawili kwa kiti cha mbele, wane nyuma, mkanda wa nini? » Kwanza, kujaza watu ni kosa lingine, haliponyeshi hili. Pili, shofere ana mkanda wake, na mara nyingi shofere ni mtoto wako ao mdogo wako. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza karibu nusu ya hatari ya kufa kwa waliokaa mbele. Mkanda mufu haupunguzi kitu.

Basi, mbele ya kutoa dola zako, fanya hivi. Vuta mkanda wote mpaka mwisho: kama kuna alama za kuungua, nyuzi kukatika ao mawimbi, ama haurudi ndani, kataa. Uvute kwa nguvu na haraka: lazima ukwame. Tazama mwaka ulioandikwa ku kitambaa cha mkanda, uulinganishe na wa gari. Fungua kontakti bila kuwasha motere: taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka, kisha kuzimika baada ya sekunde chache. Isipowaka hata kidogo, ao ikibaki inawaka, uliza. Lakini taa peke yake haitoshi: kuna mafundi wanaoweka kidude cha umeme mahali pa mfuko ili taa idanganye. Angalia kifuniko cha volani kama rangi ni moja na kama hakikubandikwa na gundi. Na ukinunua mkanda kwa wauza piesi, usikubali uliotoka mu gari nyingine iliyogonga.

Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, wakati mifuko ya hewa ilikuwa bado haijaenea mu gari. Haikuweza kufikiria haya yote. Lakini OCC inalipwa kwa kukagua vitu vinavyoingia. Iangalie mikanda pia. Na muuzaji aandike ku karatasi ya mauzo: gari iligonga ao hapana, mikanda ilibadilishwa ao hapana, na atie sahihi.

Akikataa kuandika, amekwisha kukujibu. Rudi na makuta yako.